Sambusa za Migombani

Juzi jirani yangu alikuwa akikaanga vitunguu katika mawese, na harufu ikaruka ukuta, ikaingia sebuleni kwangu bila hodi. Nilikuwa nimekaa na rafiki yangu wa tangu shule ya msingi. Alikuwa ametoka likizo kisiwani, nchi ya mbali, akawa ananionyesha picha kwenye simu: magari ya chakula yamepangwa ufukweni, yamepakwa rangi za kila aina, na watu wamesimama na kaptula zao wanakula kwa mikono miwili. "Umeona maisha?" akaniuliza. Nilicheka mpaka akanuna kidogo. Maana mimi likizo ya kisiwani niliifanya nikiwa na miaka tisa, gari la chakula lilikuwa letu wenyewe, na sikuhitaji pasipoti. Nilihitaji tumbo tu, na tumbo Mungu alinijalia.

Ninyi mliokulia Yoba, mtaa wa Gitega, wakati mmoja na mimi mnakumbuka tulivyokuwa tukila. Nyumbani tulishiba, tusimsingizie mtu. Lakini kulikuwa na njaa nyingine, njaa ya kutembea. Ukitumwa chumvi, unarudi na sambusa mdomoni. Ukienda madrasa, kuna yai la kuchemsha, linapasuliwa pale pale na kutiwa pilipili. Karanga tulizila tukikimbia. Mdomo wa mtoto wa Yoba ulipumzika akilala, na wengine hata usingizini tulitafuna.

Katika watu wote waliotulisha barabarani, hakuna aliyemfikia Shangazi Zuwena, dada yake baba. Sambusa zake zilikuwa na kona kali na nyama isiyojificha. Alizikaangia mbele ya mlango wake, na watu wa mtaa walizinunua kabla hazijapoa. Lakini Shangazi hakutaka mlango. Alitaka kamyoneti. Bwana wake, tuliyemwita Tonto Hamadi, aliuza vitenge, na alikuwa na gari moja jeupe, wazi nyuma, ambalo alikuwa akitaka kuliuza tangu sijazaliwa. Mwaka ule akapata mnunuzi Muyinga mjini. Nakumbuka siku waliyobishana, kwa sababu nilikuwa chini ya meza nikimaliza sahani isiyokuwa yangu.

"Gari hii inakula mafuta kuliko watoto wetu," alisema Tonto. "Bon, mi nimepata mtu. Tuiuze, tupumue."

"Unipe kwanza nijaribu," Shangazi akajibu. "Naweka mbabula nyuma, napika mule mule. Mahali watu wako, na mi niko."

"Nani ameona restora iko na magurudumu?"

"We utaiona."

Tonto hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa hesabu za uso mkavu. Akampa majuma mawili. "Jumapili ya pili nakuja mi mwenyewe. Nikikuta watu wanakula, gari ni yako, sitaiongelea tena. Nikikuta iko tupu, unanipa funguo, naipeleka kwa mnunuzi siku ile ile." Shangazi alikubali haraka mno, kama mtu anayeogopa mwenzake asije akabadili mawazo. Alikuwa akilitamani lile gari kuliko nilivyotamani mimi sahani ile.

Mahali pa kwenda alikuwa amekwisha kupata. Mama Yoranda, mkulima wa Giteranyi aliyekuwa akinunua vitenge kwao, alimpigia simu. Huyu mama alikulia Tanzania, kambini, akarudi Burundi akiwa mtu mzima, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hadi sisi watoto tulimwogopa. "Zuwena, njoo huku ziwani," alimwambia. "Msimu huu wanunuzi wa maharage wamejaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha mizigo, waendesha baiskeli wanapita na magunia kutwa nzima, na chakula cha kununua hakuna hata cha dawa." Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa nimefaulu darasa, na kwa sababu nililia. Nikaambiwa ni vakansi, likizo yangu, tena ya kisiwani. Nilitangaza mtaa mzima.

Shangazi aliendesha mwenyewe, kilemba kichwani, kiti kimesogezwa mbele hadi usukani ukamgusa kifua. Tulipita Karusi, tukafika Muyinga mjini adhuhuri, tukanunua mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma, nikala nimetoa kichwa dirishani. Kutoka hapo barabara ikawa vumbi na baiskeli, baiskeli zilizobeba ndizi, mbao, mbuzi, na moja iliyobeba baiskeli nyingine.

Kisiwa chenyewe kilinivunja moyo. Ukweli ni kwamba hakikuwa kisiwa. Kilikuwa kilima kilichoingia ziwani, maji pande tatu, na upande wa nne bonde la mafunjo ambalo hujaa maji wakati wa masika. Kiangazi tulivuka magurudumu makavu. Hapakuwa na mchanga mweupe wala minazi, palikuwa na migomba, ng'ombe wawili, na ukingo wa matope ambako mitumbwi ilishusha magunia. Watoto wa Mama Yoranda walisema ni kisiwa, nami nilikuwa nimekwisha kutangaza, basi nikakubali kiwe kisiwa.

Tuliegesha kamyoneti kando ya njia ya mwaloni, kwenye ukingo wa shamba la migomba la Mama Yoranda. Asubuhi ya kwanza Shangazi aliwasha mbabula mbili, mkaa ukawa mwekundu, akakaanga sambusa, akapika chapati, akatia vitunguu kwenye mawese na maharage yakafuata. Moshi ule ulishuka hadi kwenye mitumbwi. Watu walikuja, tena wengi. Walisimama, wakavuta pumzi, wakasalimia kwa mikono miwili, wakauliza habari za safari, za Gitega, za wazazi wangu ambao hawakuwajua.

"Yoo! Harufu gani hii, mama!"

"Karibuni, chakula iko tayari. Kula, kula, iko ya moto!"

"Ego, ego, ndiyo. Asante. Haya, tutaonana."

Wakaenda zao. Wote. Na wengine nilisikia matumbo yao yakinguruma wakiniaga.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Shangazi aliweka viti viwili mbele ya gari, akafunika ubao kwa kitambaa cha maua, akaita kwa sauti ya sokoni. Kadiri alivyoita ndivyo walivyorudi nyuma. Jioni tulikula sambusa zilizobaki, sisi na watoto wa Mama Yoranda, na mwanzoni niliona hiyo ndiyo likizo hasa. Siku ya tatu nilikataa sambusa. Aliyenijua angeelewa kwamba mambo yameharibika.

Shangazi alianza kunyamaza. Hilo liliniogopesha, maana kwa kawaida hata akiwa peke yake jikoni alizungumza na sufuria. Sasa alikaa ukingoni mwa gari, miguu ikining'inia, akageuza funguo vidoleni na kutazama maji. Nilimhurumia sana. Nilikuwa na miaka tisa lakini nilijua kuhesabu siku hadi Jumapili ya pili.

Siku ya nne mambo yakabadilika kidogo, tena kwa namna ya ajabu. Mwanamume mmoja wa baiskeli alikuja wakati hakuna mtu, akanunua sambusa nne upesi upesi, akazifunga kwenye jani la mgomba, akaziingiza ndani ya koti, na badala ya kushika njia akapotelea migombani. Baadaye akaja mwingine. Huyu naye koti limefungwa, mkono umeshika tumbo, mbio migombani. Siku ya tano nikaona watatu, wanne. Wananunua, wanatazama kulia, wanatazama kushoto, wanaingia migombani wameinama.

Sasa, msomaji mwenzangu, wewe nawe umekulia Burundi. Mtu akishika tumbo akakimbilia migombani, ameenda kufanya nini? Nikaamua kuchunguza. Nikazunguka upande wa pili wa shamba, nikatambaa hadi pale majani makavu yalipojikusanya, nikachungulia. Niliona migongo minne. Wamechuchumaa kila mmoja kwenye shina lake, vichwa chini, na mmoja alikuwa akiguna polepole: "Mmh. Mmmh."

Nilirudi mbio nikapoteza kandambili moja.

"Shangazi! Watu wanaharisha!"

"Watu gani?"

"Waliokula sambusa! Wako migombani, wanne, wamechuchumaa! Mmoja anaguna!"

"Uko na uhakika?"

"Nimewaona na macho yangu!"

"Ya Allah," akasema Shangazi Zuwena, "nimeua watu wa wenyewe." Alichukua ndoo ya maji akaimwaga kwenye mbabula, moja, kisha ya pili, na moshi mweupe ukatufunika tukakohoa wote wawili. Sufuria la maharage alilishusha akalimwagia kuku wa Mama Yoranda, ambao walikuwa watu pekee waliofurahi siku ile. Kisha akaketi chini, akafunika uso kwa kilemba, na nikamsikia akisema kwa sauti ndogo kwamba afadhali gari iuzwe, afadhali leo, hata kabla ya Jumapili. Nikaanza kulia. Nilijiona mimi ndiye niliyemletea habari ya msiba, na kwa kweli ndimi.

Lakini Shangazi hakuwa mtu wa kukimbia wagonjwa. Alinyanyuka, akachukua birika la maji yaliyochemshwa, akatia sukari na chumvi, ile dawa ya kuharisha tuliyofundishwa wote dispansari, akashika kikombe, akaingia migombani. Mimi nyuma yake na kandambili moja.

Tuliwakuta. Wanne wale walikuwa wameongezeka, wakawa sita. Walikuwa wamechuchumaa, ndiyo, lakini suruali zao zilikuwa mahali pake, na kila mmoja alikuwa na jani la mgomba magotini na sambusa mkononi. Walipotuona waliganda. Mmoja aliificha yake ndani ya kofia. Mwingine alimeza nzima nzima, macho yakamtoka. Na katikati yao alikuwa mzee wa kilima, mtu mzito aliyeamua kesi za mipaka ya mashamba, masharubu yake mekundu kwa mawese. Huyo aliweka mkono wenye sambusa nyuma ya mgongo kama mwanafunzi.

Shangazi aliinamisha macho. "Poleni sana, wazee wangu. Nimewaletea dawa."

Walitazamana.

"Dawa ya nini, mama?" akauliza mzee wa kilima.

"Ya... tumbo."

Mzee alitazama birika, akamtazama Shangazi, akanitazama mimi. "Tumbo iko nzima," akasema kwa heshima zote. "Tumbo inakushukuru. Mais lakini, mama, siku ingine ukohoe kwanza."

Tulisikia kishindo nyuma yetu. Ni Mama Yoranda, alikuwa amekuja na jembe begani kuona moshi umetokea wapi, naye alikuwa ameangusha jembe, ameshika mgomba kwa mikono miwili, anacheka bila sauti, machozi yanamtiririka. Alitutoa pale kwanza, tuwaache watu wamalize, na tulipofika kwenye gari ndipo akapata pumzi ya kusema.

"Zuwena, mtu mzima wa huku hali njiani! Ni aibu. Atazamwe akitafuna, kwani yeye mbuzi? Mtu mwenye heshima anaingia ndani, anakula, anafuta mdomo, anatoka kama hakuna kilichotokea. Na wewe umewawekea viti mbele ya barabara na unawaita kwa sauti ya soko!"

"Na we ukaninyamazia siku tano?"

"Nilidhani mnajua! Mimi mwenyewe niliporudi kutoka Tanzania nilikula muhogo wa kuchoma nikitoka sokoni, natembea zangu. Mpaka leo kuna bibi kule juu ananiita Mama Muhogo."

Shangazi alifikiri. Niliona kitu kinapanda usoni mwake polepole. "Ngoja," akasema. "Gitega, restora zote ziko na pazia mlangoni. Hata ile kubwa ya karibu na soko."

"Eeh."

"Mi nilidhani ni ya nzi!"

Wakacheka hadi wakaegemeana. Mimi nilisimama kando nikisubiri kofi, maana sufuria zima la maharage lilikuwa limeliwa na kuku kwa sababu ya macho yangu mawili. Kofi halikuja. Shangazi alinivuta akanikumbatia kifuani, kichwa changu kikanuka moshi na vitunguu. "We mtoto," akasema, "bila umbea wako ningekufa sijui."

Jioni ile alifungua sanduku lake akatoa vitenge vitatu vipya, vya Idi, ambavyo fundi hajavigusa. Najua alivipenda, kwa sababu alivikunjua kimoja kimoja na kuvipapasa kabla ya kuchukua sindano. Tukavishona ncha kwa ncha, Mama Yoranda akaongeza shuka mbili, watoto wake wakakata miti, na asubuhi kamyoneti ilikuwa na chumba nyuma yake: pazia kutoka ubavu wa gari hadi kwenye migomba, mikeka chini, na shuka moja katikati ikigawa upande wa wanaume na wa wanawake. Njia ya kuingilia ilikuwa upande wa gari, na ya kutokea upande wa shamba, ili anayetoka aonekane kama mtu aliyekuwa akitembelea migomba yake.

Hatukuita mtu. Mzee wa kilima ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alipita kama anakwenda mwaloni, akasimama akitazama mawingu, akakohoa, na tulipogeuka hakuwepo tena njiani. Kabla ya adhuhuri mikeka ilijaa. Nilikuwa waziri wa pazia: kazi yangu kuhakikisha halipeperuki, na niliifanya kwa ukali ambao sijapata kuutumia kazini hadi leo.

Na hapo ndipo nilipoanza kula chakula cha kisiwani hasa. Mama Yoranda alimwambia Shangazi kwamba mtu aliyeendesha baiskeli na gunia tangu mpakani, chapati kwake ni mzaha. Basi zikaingia ndizi mbichi zilizopikwa na maharage, zimefunikwa kwa jani la mgomba hadi zikalainika. Wanawake wa samaki wakaleta vidagaa vya ziwani, Shangazi akavikaanga vikawa vinavunjika mdomoni, akavichanganya na intore, zile bilinganya ndogo chungu ambazo Gitega nilizikataa na huko nikazigombania. Bibi mmoja alileta chungu cha impengeri, mahindi na maharage vilivyochemshwa pamoja, akasema si vya kuuza, ni vya mtoto wa pazia. Nilikula mkekani, miguu nimekunja, upande wa wanawake, kimya kama wao. Nikagundua jambo ambalo njia za Yoba hazikuwahi kunifundisha: ukila bila kutembea, chakula kinakaa mdomoni muda mrefu zaidi. Wakati ule nilidhani ni uchawi wa Mama Yoranda. Sasa ninajua wale watu waliona kula ni jambo la ndani, la kuheshimiwa, wala halikuhusu kabisa wapita njia.

Jumapili ya pili ikafika. Tonto Hamadi alikuja adhuhuri akiwa amekaa nyuma ya baiskeli ya kukodi, mwavuli mkononi, nyusi nyeupe kwa vumbi. Aliteremka, akajikung'uta, akatazama. Aliona kamyoneti yake. Alimwona mkewe na mwiko, na mimi na kandambili za kuazima. Mbele ya gari hapakuwa na mtu hata mmoja. Njia ilikuwa tupu hadi majini. Nyuma ya gari vitenge vimetulia, hakuna sauti, hata ya kijiko.

"Umeona, Zuwena," akasema. Nilitegemea atajigamba, lakini sauti yake ilikuwa na huzuni, na hilo ndilo ambalo sijasahau. Nadhani njia nzima alikuwa akiomba akute watu. "Nilikuambia. Umejaribu, hakuna atakayekucheka. Lete funguo."

Akanyoosha mkono. Shangazi alifuta vidole vyake polepole kwenye kitenge alichojifunga, akatoa funguo, akaziweka kwenye kiganja cha mumewe. Nilitaka kupiga kelele, lakini alinikata jicho. Kisha akashika pindo la pazia, akalinyanyua.

Ndani kulikuwa na watu zaidi ya ishirini, magoti kwa magoti, mashavu yamejaa. Wote walimgeukia Tonto Hamadi kwa uso wa mtu aliyefunguliwa mlango wa bafu. Mzee wa kilima alimeza, akafuta masharubu yake.

"Bwana," akasema, "uingie ama ufunge. Watu wanakula."

Tonto alitazama watu, akatazama funguo, akamtazama mkewe. Halafu akavua viatu, akaviweka vizuri kando ya gurudumu, akainama, akaingia, na pazia likaanguka nyuma yake.

Tulisimama nje, mimi na Shangazi, tukisikiliza. Kisha mkono ukatokea chini ya vitenge, umeshika zile funguo, ukaziweka juu ya nyasi, ukarudi ndani. Na baada yake ikaja sauti ya Tonto Hamadi, nzito, ya mtu ambaye tayari ana kitu mdomoni:

"Zuwena, iko pilipili?"

Shangazi aliokota funguo, akazifunga kwenye pindo la kitenge chake mafundo mawili, akaenda kumpelekea.